Kibali cha kuingia mbugani: Fahamu lango ni la nani kabla ya kulipa

Kila inapofika likizo ya Desemba, magari ya kukodi huanza kupanga foleni katika malango ya mbuga za wanyama kuanzia Nairobi hadi Voi. Ndani yake mna familia, vyama vya akina mama, vijana wa makanisa na madrasa, na wanafunzi waliochangishana fedha kwa miezi kadhaa. Si wote wanaoingia. Baadhi hurudishwa kwa kuwa wamebeba fedha taslimu mahali ambapo fedha taslimu hazipokelewi. Wengine huwa wamelipa kupitia ukurasa usiohusika na lango walilofika, na wengine hudai kuwa raia ilhali hawana cha kuthibitisha uraia wao.

Kiini cha usumbufu huo ni dhana kwamba tiketi ya mbuga ni sawa na tiketi ya sinema, kwamba ukishalipa basi umenunua haki ya kutazama. Kwa mujibu wa sheria, tiketi hiyo ni kibali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inamhesabu mtu aliyeingia katika mbuga au hifadhi ya kitaifa bila idhini kuwa mkosaji. Idhini yenyewe huja na masharti, na mwenye kuyakiuka aweza kutolewa nje hata kama ada yake ameilipa yote.

Jambo la kwanza la kufahamu ni lango ni la nani. Wakenya wengi huamini kwamba wanyama wote na malango yote ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS. Ni kweli kwamba shirika hilo, lililoundwa mwaka 1989, ndilo lenye dhamana ya wanyamapori popote walipo. Lakini dhamana juu ya wanyama si sawa na kumiliki kila lango.

KWS husimamia mbuga za kitaifa, kama vile Nairobi, ambayo ilikuwa ya kwanza kutengwa nchini mwaka 1946, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, Ziwa Nakuru, Meru, Aberdare na Mlima Kenya. Hifadhi za kitaifa, kwa upande wake, nyingi ziko mikononi mwa serikali za kaunti, zilizorithi kazi hiyo kutoka kwa mabaraza ya wilaya. Maasai Mara ni ya Kaunti ya Narok. Hifadhi ya Samburu ni ya Kaunti ya Samburu, huku Buffalo Springs na Shaba, zilizo ng'ambo ya pili ya mto Ewaso Nyiro, zikiwa za Kaunti ya Isiolo. Hifadhi ya Ziwa Bogoria iko chini ya Kaunti ya Baringo. Aliyelipa KWS kisha akafika Mara atakuwa amelipa pasipohusika.

Hata hivyo, jina pekee halitoshi kumwongoza msafiri. Shimba Hills katika Kaunti ya Kwale ni hifadhi kwa jina, lakini malango yake yanasimamiwa na KWS. Na ndani ya Mara yenyewe, upande wa magharibi mwa mto, sehemu ijulikanayo kama Mara Triangle, shughuli zimeendeshwa tangu mwaka 2001 na shirika lisilo la kibiashara kwa niaba ya wenye hifadhi. Anayetaka kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ni heri aulize langoni kuhusu tiketi yake kabla ya kufika darajani.

Kisha kuna hifadhi za jamii na za watu binafsi. Ol Pejeta na Lewa, ambazo zina faru na ndovu kama mbuga nyingine, zina viwango na taratibu zake zenyewe. Pembezoni mwa Mara, wenye ardhi wamekodisha mashamba yao kwa pamoja na kuunda hifadhi kama Mara North, Naboisho na Olare Motorogi. Huko, kwa kawaida, anayeruhusiwa kuzunguka ni mgeni anayelala katika kambi zilizomo. Tiketi ya Narok haimfungulii mtu njia. Nayo misitu kama Karura jijini Nairobi iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, wala si KWS.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tofauti hizi zisifutwe, pawe na tiketi moja kwa nchi nzima. Jibu limo katika swali la fedha zinakwenda wapi, na hakuna mahali panapolifafanua jambo hili vizuri kuliko Amboseli.

Amboseli ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1974. Jamii ya Wamaasai, ambayo mifugo yake ilitegemea vinamasi vya eneo hilo tangu jadi, haikuacha kulalamika kwamba ilipoteza ardhi na maji huku mapato yakipelekwa Nairobi. Mnamo Septemba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maamuzi kuhusu rasimu ya katiba, serikali ya Rais Mwai Kibaki iliishusha hadhi kuwa hifadhi, ili isimamiwe na Baraza la Wilaya la Olkejuado. Wakosoaji walidai kuwa huo ulikuwa mtego wa kunasa kura. Makundi ya wahifadhi yalikwenda kortini, na Mahakama Kuu baadaye ikabatilisha hatua hiyo. Suala hilo halikuzikwa. Mwaka 2025 serikali ya Rais William Ruto ilitangaza kukabidhi usimamizi wa mbuga hiyo kwa Kaunti ya Kajiado. Kwa hiyo, anayekwenda Amboseli hana budi kuthibitisha ni ukurasa upi wa malipo unaotumika siku anayosafiri.

Pande zote mbili katika mvutano huu zina hoja nzito. Mbuga chache tu, zikiwemo Amboseli, Nakuru, Nairobi na Tsavo, ndizo zinazoiingizia KWS sehemu kubwa ya ada za langoni. Fedha hizo hulipia askari, magari na mafuta katika mbuga ambazo watalii hawazijui, kama Sibiloi kando ya Ziwa Turkana. Ukiondoa mbuga inayolipa, hakuna budi kutafuta kwingine fedha za kulinda zile zisizolipa. Kwa upande mwingine, ndovu wa Amboseli hawaishi ndani ya mipaka ya mbuga. Eneo hilo ni dogo, takriban kilomita 390 za mraba, na wanyama hutoka kila siku kwenda kula katika ardhi za wenyeji. Anayevumilia hasara hiyo ni mfugaji na mkulima wa Kimana au Olgulului. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori, lakini kupata malipo hayo kumewachukua wengi miaka mingi. Mtu wa aina hiyo akisema ada ya lango inapaswa kubaki karibu na boma lake, haombi hisani.

Ada zenyewe hutegemea mambo mawili: mbuga, na hadhi ya mgeni. Kwa miaka mingi, raia wa Kenya alilipa Sh860 kuingia Amboseli au Nakuru, na Sh430 kuingia Mbuga ya Nairobi. Mgeni kutoka ng'ambo alilipa dola 60 na dola 43 mtawalia. Kanuni mpya zilizotayarishwa mwaka 2025 zilipandisha viwango kuanzia Oktoba mwaka huo, na wafanyabiashara wa sekta ya utalii wakazipinga mahakamani. Kutokana na hali hiyo, viwango vilivyonakiliwa na marafiki, au vilivyobandikwa katika matangazo ya zamani ya kampuni za usafiri, havifai kutegemewa. Kiasi kinachoonekana katika ukurasa rasmi wa malipo asubuhi ya safari ndicho cha kuzingatiwa.

Katika Mara, viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2024 vinafuata msimu. Mgeni mzima kutoka nje hutozwa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba, kipindi ambacho nyumbu huwa wamefika kutoka Serengeti. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana.

Tofauti hii kubwa ndiyo inayofanya kitambulisho kiwe muhimu kuliko kamera. Raia hutakiwa kuonyesha kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya. Mgeni anayeishi na kufanya kazi nchini kihalali huonyesha kadi ya mkazi wa kigeni, na asipokuwa nayo hutozwa kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege jana. Wakenya wanaoishi Uingereza au Marekani, ambao tangu Katiba ya 2010 wanaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili, hujikuta mara nyingi katika mabishano langoni kwa kuwa wameacha kitambulisho cha Kenya nyumbani na kubeba pasipoti ya ugenini. Karani wa lango hana njia ya kupima uraia kwa ufasaha wa Kiswahili wala kwa jina la ukoo.

Kwa vikundi vya shule, viwango nafuu vipo, lakini havipatikani kwa mwalimu kujieleza dirishani huku watoto wamevaa sare. Barua ya shule yenye muhuri inapaswa kuwasilishwa mapema ili ikubaliwe. Gari nalo hulipiwa peke yake kulingana na idadi ya viti, jambo ambalo vikundi vingi husahau vinapogawana gharama. Matatu ya viti 14 haitozwi sawa na gari dogo la familia.

Katika miaka ya 2000, malango makuu ya KWS yalitumia kadi maalum iliyojulikana kama Safari Card, ambayo mgeni aliijaza fedha kabla ya safari. Msafiri wa leo hulipa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa M-Pesa au kadi ya benki. Ni busara kukamilisha malipo hayo mjini. Baadhi ya malango ya Tsavo na ya kaskazini yana mtandao hafifu, na hakuna uchungu kama kukaa saa mbili juani ukisubiri ujumbe wa simu huku simba wakitafuta kivuli cha kulalia.

Muda nao una sheria zake. Mbuga za KWS hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Asiyelala ndani anatakiwa awe ametoka kufikia wakati huo, na kuendesha gari usiku kutafuta wanyama ni marufuku. Tiketi huruhusu kuingia mara moja. Anayetoka kwenda kula mjini Voi au Nakuru kisha akarudi asishangae kuambiwa alipe upya. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambazo hutenganishwa na barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, ni mbuga mbili zenye tiketi mbili, ingawa ndovu hawajui mpaka huo.

Mara imekuwa kali zaidi. Zamani tiketi yake ilihesabiwa kwa saa 24, kwa hivyo mtu aliweza kuingia alasiri na kumaliza muda wake asubuhi iliyofuata. Tangu mabadiliko ya 2024, siku huhesabiwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Aliyelala ndani ya hifadhi na anaondoka siku ifuatayo hutakiwa awe amevuka lango kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo atalipia siku nyingine. Kwa familia ya kigeni ya watu wanne msimu wa nyumbu, kifungua kinywa kilichochelewa chaweza kugharimu mamia ya dola.

Baada ya lango, yanafuata masharti ya mwenendo. KWS inaagiza kasi isizidi kilomita 40 kwa saa, gari lisiache barabara, na umbali wa angalau mita 20 udumishwe kutoka kwa mnyama. Mgeni abaki garini isipokuwa katika sehemu zilizotengwa kwa mapumziko au matembezi. Kupiga honi, kupigia wanyama kelele au kuwatupia chakula ni mwiko. Tumbili aliyezoea mkate wa wageni huishia kunyang'anya watoto vikoba, na mwisho wake mara nyingi huwa bunduki ya askari.

Masharti haya hudharauliwa kuliko mengine yote, na madereva ndio hulaumiwa. Lakini dereva hupokea shinikizo kutoka viti vya nyuma. Abiria akimwona chui mbali hutaka asogezewe, na bahashishi ya jioni hutegemea picha za mchana. Mjini Narok hakuna asiyejua jinsi habari ya duma mmoja hupita kwa redio za magari, na dakika chache baadaye magari 20 yakawa yamemzingira.

Madhara yake si ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia duma wa Mara na maeneo jirani kwa miaka minne, ulionyesha kuwa katika sehemu zenye watalii wengi, duma jike aliweza kulea hadi ukubwani wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao. Katika sehemu zenye watalii wachache, wastani ulikuwa zaidi ya watoto wawili. Duma huwinda mchana kwa kutumia macho na mbio. Akizibwa njia na magari, mawindo humponyoka, na fisi huongozwa na kundi hilo la magari hadi mahali alipo. Ndiyo sababu Mara imeweka kikomo cha magari matano kwa mnyama mmoja, mengine yakisubiri kwa mbali zamu yao.

Julai 2025, video kutoka upande wa Serengeti nchini Tanzania zilizagaa duniani zikionyesha watalii walioshuka magarini na kujipanga ukingoni mwa mto, wakiwazibia nyumbu njia ya kuvukia. Nyumbu hao ndio wale wale wanaovuka kuja Kenya. Ni ajabu kwamba wao hupita mpaka watakavyo, huku njia ya watalii kati ya Mara na Serengeti katika Sand River ikiwa imefungwa tangu mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Binadamu hana budi kuzungukia Isebania au Namanga.

Kuna mbuga chache ambako mtu huruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli, na hapo ndipo tahadhari huhitajika zaidi. Hell's Gate karibu na Naivasha hupendwa na vijana kwa kuwa kiingilio chake ni nafuu na korongo lake linavutia. Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na kufa maji humo mvua iliponyesha mbali, mahali ambapo hawakuweza kuiona. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua tena wageni katika korongo hilo hilo, na likafungwa kwa muda. Askari anapokataa kufungulia kikundi njia ya kushuka ilhali jua linawaka, huwa anatazama mawingu yaliyo juu ya vilima vya mbali. Kwa sababu kama hiyo, haipaswi mtu kupanda Mlima Kenya peke yake bila kiongozi.

Baharini nako kuna malango yasiyoonekana. Mbuga za majini za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na baadaye zikafuatwa na nyingine kama Kisite kule Shimoni. Ada ya mbuga si sehemu ya nauli ya mashua, kwa hivyo msafiri amwulize nahodha waziwazi kama aliyotajiwa ni bei ya mashua pekee. Ndani ya mbuga ya majini uvuvi umepigwa marufuku kabisa, ilhali katika hifadhi jirani wavuvi wa kienyeji huruhusiwa kutumia mbinu za jadi. Mgeni haruhusiwi kukanyaga matumbawe wala kuokota makombe. Kiti cha pweza kinachoinuliwa majini ili mtoto apigwe picha nacho huanza kudhoofika pale pale, hata kikirudishwa kwa upole.

Mizigo pia hukaguliwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020, chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Kikundi kinachobeba katoni za maji ya chupa kutoka dukani kitaziacha langoni. Ndege ndogo zisizo na rubani haziruhusiwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege pamoja na ile ya wasimamizi wa mbuga. Picha za kawaida hazina pingamizi, lakini anayepiga filamu ya biashara, ikiwemo video ya muziki, anahitaji leseni ya kupiga filamu na kibali cha ziada.

Wakati wa kutoka, askari huangalia tena tiketi, na aliyepitisha muda hulipia tofauti hapo hapo. Aweza pia kukagua gari. Pembe, jino, ngozi, mfupa au unyoya uliookotwa njiani huhesabiwa na sheria kuwa nyara ya serikali, hata kama mnyama alikufa kwa uzee, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Aliyegundua kwamba mtoto ametia unyoya wa mbuni mfukoni aukabidhi kwa askari kabla ya kuulizwa.